Kompyuta Ukumbini: Chombo cha Nyumba Nzima



Siku hizi limezuka suala katika nyumba nyingi za Unguja, za mjini na za shamba, nalo ni hili: kompyuta iliyonunuliwa kwa ajili ya masomo ya watoto au kazi ya baba, je, yafaa itolewe chumbani iwekwe ukumbini, iunganishwe na televisheni, iwe ndicho chombo cha nyumba nzima cha kutazamia na kusikilizia? Wako wazazi waliofanya hivyo wakafurahi. Wako waliofanya hivyo, na baada ya miezi michache wakairudisha chumbani kwa hasira. Na wako wengi wanaotamani lakini hawajui waanzie wapi, wala hawana wa kumwuliza ila mtoto wao wa skuli, naye hujibu kwa maneno ambayo mzazi hayafahamu.

Sisi ni walimu wa chuoni. Hatukusomea ufundi wa mitambo hii. Lakini watoto tunaowasomesha asubuhi ndio hao hao wanaokesha mbele ya vioo usiku, na mwenye dhamana ya mtoto hana budi kukijua kinachomkesha. Kwa hiyo tumeuliza, tumetazama, tumeshika waya kwa mikono yetu, na haya tunayoyaandika ni yale tuliyoyaona kuwa yana manufaa. Jawabu letu kwa ufupi ni kwamba jambo hili lafaa, tena lafaa sana, kwa masharti tutakayoyataja.

VYOMBO VILIVYOTANGULIA

Watu wa kisiwa hiki si wageni wa vyombo vya namna hii. Mwaka 1928 Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, alisafiri na wenzake mpaka Bombay kurikodi santuri, na sauti yake ikarudi Unguja ikasikika katika gramafoni za majumbani na mikahawani. Mwaka 1951 ikaanza redio yetu, Sauti ya Unguja, na watu wakawa wanakusanyika barazani kwa mwenye redio kusikiliza khabari. Sinema nazo zilikuwapo mjini tangu mapema. Ile ya Vuga ilifunguliwa mwaka 1921, ikaungua mwaka 1954, ikajengwa upya ikajulikana kwa jina la Majestic. Yalikuwapo na maonyesho ya wanawake peke yao, ambapo mabibi walikwenda na mabuibui yao kutazama filamu za Kihindi na za Kimisri pasina kuchanganyika na wanaume.

Kisha katika miaka ya mwanzo ya 1970 ikaja televisheni ya Zanzibar, tena ya rangi, wakati ambapo Tanzania Bara haikuwa na televisheni mpaka mwaka 1994, na Afrika ya Kusini yenyewe ilikuwa haijaanza matangazo yake mpaka mwaka 1976. Wenye umri wetu wanakumbuka jinsi jirani mwenye televisheni alivyofungua mlango wake, na watoto wa mtaa mzima wakakaa chini mkekani. Baadaye zikaja kanda za video, zikaja sahani za santuri ndogo, zikaja dishi za juu ya paa.

Ndugu msomaji, tazama jambo moja katika vyombo vyote hivyo. Kila kimoja kiliwekwa mahali pa watu. Gramafoni ilikuwa ya mkahawa, redio ya baraza, sinema ya mji, televisheni ya ukumbi. Mtoto alipotazama, mama yake alikuwapo, au shangazi, au jirani ambaye naye ni mzazi. Likija jambo la aibu, mtu mzima alikohoa au aliinuka akazima. Simu ya mkononi ndicho chombo cha kwanza kilichoingia chumba kwa chumba, shuka kwa shuka. Siku hizi watu watano hukaa ukumbi mmoja, kila mmoja ameinamia kioo chake, na hakuna anayejua mwenziwe anacheka nini. Kwa sababu hiyo twaona kuwa kompyuta yenye kioo kikubwa, ikiwekwa ukumbini, ni njia mojawapo ya kuurudisha usiku wa pamoja ambao simu imetuvunjia.

CHOMBO CHENYEWE NA WAYA ZAKE

Mzee mwenzetu asiogope. Mahitaji ni machache: kompyuta, televisheni au kioo kingine, waya mmoja wa kuviunganisha, spika, na mahali pa kuwekea faili. Kompyuta haina haja ya kuwa mpya. Zile za mitumba zinazouzwa madukani kwetu zatosha, maadamu ziweze kuonyesha picha bila ya kukwama na ziwe na tundu la HDMI. Kompyuta ya mkononi iliyovunjika kioo, ambayo mwenyewe anaiona haina kazi tena, mara nyingi ni nzuri kwa kazi hii, kwani kioo kitakuwa ni cha televisheni.

Waya wa HDMI huchukua picha na sauti kwa pamoja. Kompyuta za zamani zina tundu pana la VGA lenye vishimo kumi na tano. Hilo huchukua picha peke yake, na sauti yataka waya wake mwingine kutoka kwenye kitundu kidogo cha spika za masikioni. Watu wengi hulalamika kuwa “kompyuta haina sauti,” na ubovu hauko. Wametumia waya wa picha wakasahau wa sauti, au hawakuchagua katika mipangilio kuwa sauti itoke kwenye televisheni. Televisheni za kale zenye mgongo hazina HDMI, nazo huhitaji kijisanduku cha kubadilishia. Picha yake haitakuwa safi, wala maandishi hayatasomeka vizuri kwa mbali.

Ama programu, hapana haja ya kununua. Iko inayoitwa VLC, iliyoanzishwa na wanafunzi wa chuo kimoja cha Paris mwaka 1996, ambayo hufungua karibu kila namna ya faili ya picha na sauti, nayo ni ya bure kwa halali. Iko na Kodi, iliyoanza mwaka 2002 kwa jina jingine kwenye mashine ya michezo ya Xbox, ikapewa jina hili mwaka 2014. Hii huigeuza kompyuta iwe na sura ya televisheni: maandishi makubwa, picha za vifuniko, na kuendeshwa kwa rimoti au kwa simu mtu akiwa amekaa mkekani. Aliye na kompyuta ya Windows 10 ajue kuwa Microsoft ilimaliza msaada wake wa kawaida kwa mfumo huo tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine isiyoweza kupokea mfumo mpya zaidi haikufa kwa hilo. Yaweza kuwekewa Linux, ambayo nayo ni ya bure, ikaendelea kufanya kazi ya ukumbini miaka mingi.

Ni vyema pia kununua kibodi ndogo isiyo na waya, na kuyakuza maandishi katika mipangilio ya kioo. Bibi mwenye miwani asiyeweza kusoma akiwa amekaa kitini pake hatakitumia chombo hicho hata mara moja, na chombo ambacho bibi hakitumii hakistahiki kuitwa cha nyumba nzima.

NYUMBA ZETU ZA MAWE

Vitabu vya mafundi wa ng'ambo huandikwa kwa nyumba za mbao na kuta nyembamba. Nyumba zetu za Mji Mkongwe si hizo. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa zina unene wa karibu nusu mita na zaidi, na mawimbi ya intaneti isiyo na waya huzipenya kwa taabu. Mtu huweka mtambo wa intaneti ghorofa ya juu, kisha akashangaa kwa nini ukumbini picha inasita kila dakika. Dawa yake ni kupitisha waya wa mtandao juu ya kizingiti cha mlango mpaka kwenye kompyuta. Ikiwa haiwezekani, basi autumie mkondo wa 2.4, ambao hupenya kuta kuliko ule wa 5, hata kama ule wa pili una kasi zaidi ukiwa chumba kimoja.

Pili, vyumba vyetu ni vyembamba. Wajenzi wa kale waliufuata urefu wa boriti za mikoko, na kwa hiyo upana wa chumba mara nyingi hauzidi mita 3. Anayekaa upande mmoja akitazama ukuta wa pili yuko umbali wa mita 2 tu. Kwa umbali huo kioo cha inchi 32 mpaka 43 chatosha. Kununua kioo cha inchi 65 kwa ajili ya fakhari ni kuyachosha macho na kuupoteza ukuta, na pengine kuuziba mlango wa kwenda ndani.

Tatu ni hewa ya chumvi. Chuma chochote katika mji huu hupata kutu, na kompyuta imejaa chuma chembamba. Iwekwe mbali na dirisha linaloelekea baharini, isifungiwe ndani ya kabati pasipo na upepo, ifutwe vumbi kila mwezi na ifunguliwe isafishwe na fundi kila mwaka. Wengine huifunika kwa kitambaa ikiwa inafanya kazi, ili isipate vumbi. Hilo ni kosa, kwani joto litaiua mapema kuliko vumbi.

Nne ni umeme. Hapana mtu mzima wa Unguja aliyeisahau khabari ya waya wa baharini utokao Ras Kiromoni kufika Fumba. Ule wa kwanza ulitandazwa mwaka 1980. Ulipoharibika mwezi wa Mei 2008 tulikaa gizani karibu mwezi mzima, na kutoka Disemba 2009 mpaka Machi 2010 tulikaa karibu miezi mitatu. Waya mpya wa megawati 100 ulianza kazi mwaka 2013, na hali ikawa nafuu. Lakini umeme kupanda na kushuka ungalipo, na kompyuta ya mezani ikikatikiwa ghafla hupoteza faili na pengine diski yenyewe. Basi anunue betri ya akiba, ile iitwayo UPS. Hata ikitoa dakika kumi tu, zatosha kuizima kwa utaratibu. Kompyuta ya mkononi ina betri yake ndani, na hiyo ni sababu nyingine ya kuipendelea.

Na gharama je? Tuhesabu pamoja. Kompyuta ya mezani hula kiasi cha wati 100, kioo cha inchi 32 wati 50, spika wati 10. Jumla wati 160. Kwa saa 4 kila usiku ni uniti 0.64, yaani uniti 19 kwa mwezi. Kompyuta ya mkononi ya wati 30 ikishika mahali pa ile ya mezani, hesabu itashuka kufikia karibu uniti 11. Kila mmoja azipime uniti hizo na fedha anayolipia Tukuza yake, aone kama anaimudu.

MFEREJI NA MTUNGI

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu, nasi twaomba wazazi watusikilize.

Kompyuta iliyo ukumbini yaweza kutumika kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuifungulia intaneti ikamimina, kama mfereji uliovunjika koki. Mtoto anaanza na kisomo cha Kurani, kikimalizika mtambo wenyewe unachagua cha pili, kisha cha tatu, na baada ya nusu saa yuko kwenye jambo ambalo hakuliomba wala mzazi hakuliruhusu. Hakuna aliyemwita shetani. Mlango uliachwa wazi tu. Njia ya pili ni ya mtungi. Mama wa nyumba huuosha mtungi, huuchuja maji, huujaza kwa kiasi anachokitaka, kisha watu wanakunywa. Kompyuta yenye diski yake ni mtungi. Kilichomo ndani kimetiwa na mtu mzima aliyekijua.

Sisi twashauri mtungi. Kila wiki, siku ambayo bando lipo au mahali penye intaneti nzuri, baba au mama au kaka mkubwa akae achague yatakayotazamwa wiki ijayo, yatiwe katika diski kwa njia iliyo halali, na yapangwe katika folda zenye majina: Kurani, Mawaidha, Masomo, Hadithi za Watoto, Safari na Wanyama, Mapishi, Kumbukumbu za Ukoo. Usiku intaneti yaweza kuzimwa kabisa na hakuna atakayekosa la kutazama.

Na hilo ni nafuu kwa mfuko pia. Picha ya kiwango cha kati hula kiasi cha jigabaiti nusu kwa saa, na ile ya kiwango cha juu hula jigabaiti 2 au 3. Nyumba inayotazama kwa mfereji kila usiku hununua filamu ile ile mara tatu, kwani watoto hupenda kurudia. Iliyo mtungini hurudiwa mara mia bila ya senti moja.

Sauti nayo haina uzito. Kisomo cha Msahafu mzima kwa tartili huchukua takriban saa 30. Kwa kiwango cha kawaida cha sauti ya kusoma, hizo ni chini ya jigabaiti moja. Flashi ndogo kuliko kidole yaweza kuchukua wasomaji kumi na zaidi. Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary wa Misri, aliyefariki mwaka 1980, ndiye aliyerikodi Msahafu mzima kwa tartili mwaka 1961, na kisomo chake cha pole pole chenye kutoa kila herufi haki yake hakijapata badali kwa mtoto anayejifunza. Twawaambia wanafunzi wetu: sikiliza aya moja, simamisha, isome wewe, kisha rudia. Gramafoni haikuwa na wepesi huo, wala redio. Lakini, enyi jamaa, kisomo kisifanywe kelele ya nyuma huku watu wanabishana mpira. Ama watu wasikilize, ama kizimwe.

KANDA ZA WAZEE

Liko jambo moja ambalo kompyuta ya ukumbini yaweza kulifanya na hakuna chombo kingine nyumbani kiwezacho, nalo lina haraka.

Katika makasha na makabati ya Unguja zimo kanda za kaseti kwa maelfu. Zimo darasa za mashekhe wetu waliokwisha kufa. Zimo maulidi za harusi, na za Homu, na kisomo cha khitma. Zimo sauti za jamaa walioko Oman, Dubai na Uingereza, ambao zamani, barua zikichukua miezi, walikuwa wakizungumza ndani ya kanda na kumpa msafiri. Kanda hizo zinakufa. Hewa yetu ya maji huziotesha ukungu, gundi yake hulegea, na mashine za kuzichezea zimekuwa adimu. Kila mwaka upitao, sauti nyingine ya bibi yako inanyamaza mara ya pili, na safari hii hairudi.

Kuziokoa si kazi ngumu. Tafuta kaseti nzima yenye kitundu cha spika za masikioni, safisha kichwa chake kwa pamba na spiriti, kisha pitisha waya kutoka kitundu hicho mpaka kitundu cha kuingizia sauti cha kompyuta, ambacho katika kompyuta za mezani kwa kawaida huwa na rangi ya buluu. Iko programu ya bure, Audacity, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2000, inayorikodi na kukata. Kanda ya dakika 60 itachukua dakika 60, hapana njia ya mkato. Iache icheze wakati watu wanafanya shughuli zao, na ukumbi mzima usikilize. Faili kamili isiyopunguzwa ni kiasi cha megabaiti 10 kwa dakika, yaani 600 kwa saa. Ihifadhiwe hiyo kama asili, na itolewe nakala ndogo ya kusikilizia na kuwapelekea jamaa.

Andika jina la msemaji, mahali na mwaka katika jina la faili siku hiyo hiyo, angali yuko mtu anayeitambua sauti. Mwulize mama mkubwa, mwulize babu: “Huyu ni nani anayecheka?” Wasipojibu leo, kesho hapana wa kujibu. Kisha weka nakala tatu: moja katika kompyuta, moja katika diski ya nje ndani ya kabati, na moja kwa ndugu anayekaa nyumba nyingine. Ndani ya kanda mtakuta pia taarabu na ngoma. Wanavyuoni wana maneno yao katika khabari ya ala za muziki, nasi twaiacha kwao. Lakini sauti ya mzazi akizungumza hapana anayekhitalifu juu ya thamani yake.

Vijana wetu, kazi hii ni yenu. Ninyi mnajua kubonyeza, wazee wanajua kutambua. Mkikaa pamoja jioni moja mtapata katika saa mbili yale ambayo mwaka mzima wa simu haukuwapa.

ADABU ZA UKUMBI

Sasa tuseme masharti tuliyoyaahidi.

Kwanza, mahali. Katika nyumba zetu sebule ni ya wageni na ukumbi ni wa watu wa nyumbani. Kompyuta ikae ukumbini, kioo kielekee njia ya wapitao, ili anayetoka jikoni akione. Isiwekwe chumba cha kulala cha mtoto, hata akilia. Na mgeni akibisha hodi, ipunguzwe sauti au izimwe, kwani mgeni ana haki ya uso wa mwenyeji wake.

Pili, wakati. Baina ya magharibi na isha ni wakati wa msahafu na sala, na tangu zamani watoto wa Unguja wamejulikana kwa hilo. Kioo kiwe kimya. Baada ya isha na chakula, kiwashwe mpaka saa nne au saa ambayo wazazi wameikubali, kisha kizimwe kwa watu wote, na baba ndani yao. Twaona chuoni watoto wanaosinzia juu ya juzuu saa mbili ya asubuhi. Tukiwauliza wanasema, “Baba alikuwa anatazama mpira.” Sheria ambayo mwenye nyumba haifuati haitafuatwa na mtoto.

Tatu, funguo. Kila kompyuta huweza kugawiwa kwa majina: jina la wazazi lenye neno la siri, na jina la watoto lisiloweza kutia programu mpya wala kufungua kila kitu. Pia yako mahali pa kuzuia ile tabia ya mtambo kuendelea wenyewe baada ya kipindi kwisha. Mzazi asiyejua amwombe mwalimu wa kompyuta wa skuli au fundi amwonyeshe mara moja, kisha abadilishe neno la siri mwenyewe. Lakini tusijidanganye kuwa kufuli hutosha. Mtoto mwerevu hufungua kufuli; haya aliyofundishwa ndiyo inayomzuia akiwa peke yake.

Nne, uchaguzi wa zamu. Usiku mmoja achague mama, usiku mmoja babu, usiku mmoja mtoto mdogo. Katika nyumba nyingi rimoti ni ya kijana mwenye nguvu, na wanawake waliopika mchana kutwa hutazama mpira wasioutaka. Huo si uadilifu. Na anayechagua aseme kwa nini amechagua, na baada ya kutazama watu wazungumze, japo robo saa. Mazungumzo hayo ndiyo faida ya ukumbi. Pasipo hayo, kioo kikubwa ni simu kubwa tu.

MALI YA WATU

Jambo la mwisho ni zito, na wengi hulipuuza. Yako maduka na vibanda ambako kijana hupeleka flashi ikajazwa filamu, nyimbo na vipindi kwa bei ya chai. Kodi nayo, ambayo yenyewe ni halali, watu huipachika nyongeza za kuiba matangazo ya mpira na sinema. Zanzibar ina Sheria yake ya Hakimiliki ya mwaka 2003, na kazi ya msanii, mtunzi na mtangazaji ni mali yake kama shamba la mikarafuu lilivyo mali ya mwenyewe. Hatujasikia mtu akichuma karafuu za jirani usiku kisha akasema, “Lakini nilikuwa nawaonyesha watoto.” Basi na hili ni hilo.

Wala halali haikukosekana. Yako masomo ya bure yaliyotolewa na wenyewe, yako mawaidha ambayo mashekhe wameruhusu yanakiliwe, ziko redio na televisheni zinazosikika kwa intaneti, na Shirika la Utangazaji Zanzibar, lililoundwa mwaka 2013 kwa kuunganisha televisheni na redio ya serikali, lina vipindi vyake. Kuna na kile ambacho nyumba inakitengeneza yenyewe: picha za harusi, safari ya Hija ya babu, mtoto alipohitimu juzuu. Nyumba yenye ada ya kutazama vitu vyake wenyewe mara moja kwa wiki haitakosa la kuonyesha kwa miaka ishirini.

Na asiye na uwezo wa kununua kompyuta asihuzunike wala asikope. Redio ingalipo, na kitabu kingalipo, na hadithi ya bibi kizeeni haitaki umeme. Aliye nayo naye akumbuke jirani wa zamani aliyefungua mlango wake kwa televisheni. Usiku mmoja katika wiki, watoto wa mtaa wasio na chombo waalikwe, wapewe mkeka na kikombe cha chai ya rangi, watazame pamoja na watoto wa nyumba.

Enyi wazazi, chombo hiki kimekwisha kuingia visiwani na hakitatoka. Lililobaki mikononi mwetu ni kukichagulia mahali pake, wakati wake na yatakayowekwa ndani yake, na kuyafanya hayo mapema, kabla ya mtoto hajatuchagulia. Mwenye kaseti ya mzee wake kabatini aanze nayo wiki hii.

Twamwomba Mwenyezi Mungu azitie nuru nyumba zetu, awafanye watoto wetu kitulizo cha macho yetu, na atuafikie katika kulea. Amin.